Nilienda Ruai Kuhesabu Ndege

Wasee, kabla mnicheke: Januari niliamka saa kumi usiku, nikapanda matatu mbili kutoka Lavington hadi Ruai, kuhesabu ndege kwenye mabwawa ya maji taka ya jiji. Bure. Hata nauli ni yangu. Harufu iko, siwadanganyi, lakini baada ya nusu saa pua inazoea.

Mbona Januari, na kwetu ni jua na vumbi? Kwa sababu baridi yenyewe si yetu. Huko Ulaya na Urusi maji yamegeuka barafu, na wale vitwitwi wa matopeni wamekimbilia huku. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini ilianza 1967. Kenya ilijiunga mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wanaoifanya wengi ni watu wa kujitolea tu.

Kazi haina maringo. Mmoja anashika darubini na kutaja, mwingine anaandika. Kundi likiwa kubwa, unahesabu kumi, unaona kumi wanajaza nafasi gani, halafu unalipima kundi zima kwa kumi kumi. Mimi nilipewa kalamu. Yaani mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili, takwimu zikiwa mojawapo ya sababu. Cheka tu.

Na hii kitu ilitokea kwenye bunduki. Marekani, watu waligawana timu msimu wa Krismasi kuona nani ataua ndege na wanyama wengi zaidi. Mwaka 1900 Frank Chapman akawaambia, tuhesabu badala ya kuua. Wakajitokeza 27. Hapa Nairobi chama kilianzishwa 1909, cha wazungu wa enzi ya ukoloni, na siku hizo ukitaka kumjua ndege vizuri ulimpiga risasi kwanza, ukamjaza pamba. Chama hicho hicho ndicho leo kinaitwa Nature Kenya. Kisha 1971 Fleur Ng'weno akaanzisha matembezi ya Jumatano asubuhi kutoka Makumbusho, ya kutazama ndege tu. Hiyo ndiyo sehemu ya historia ninayoipenda: bunduki imebaki nyumbani, watu wametoka na daftari.

Sasa niwaambie kilichonipeleka. Lavington ilikuwa kahawa ya mapadre Wafaransa wa St Austin's, wakafuata wenye nyumba za bustani kubwa, sasa ni gorofa juu ya gorofa. Mwaka jana miti mizee ya barabara yetu ilikatwa. Kwenye mkutano wa wakaaji, mzee mmoja jirani akasimama akasema ndege wameisha. Jamaa wa mjengo akamuuliza kwa upole kabisa, "Mzee, walikuwa wangapi?"

Kimya. Watu wazima thelathini hivi, hakuna mwenye namba hata moja. Mzee akakaa chini.

Nilimchukia yule jamaa wiki nzima. Shida ni kwamba swali lake lilikuwa halali.

Kwa hivyo nimeanza. Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, balkoni ya gorofa ya tatu, dakika 20: hadada 4, mwewe 2, kunguru 7, chozi 1 kwenye maua ya jirani. Kuna mmoja sikumjua. Nimemwandika hivi: "wa kijivu, mkia mrefu, 1."