Chama cha Maendeleo cha Ruvuma

Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichofahamika zaidi kwa herufi za jina lake la Kiingereza, RDA, kilikuwa umoja wa vijiji vya wakulima kusini mwa Tanzania vilivyolima na kumiliki mali kwa pamoja na kuamua mambo yao katika mikutano yao wenyewe. Kiliundwa 1963 na kuvunjwa na chama tawala, TANU, Septemba 1969, kikiwa na vijiji 17. Kiini chake kilikuwa kijiji cha Litowa, wilayani Songea. Katika historia ya Afrika Mashariki ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa wakulima waliojijengea uchumi usio wa kibepari kwa hiari yao, kabla serikali haijawaagiza kufanya hivyo.

Mwanzo wa Litowa

Wakati wa ukoloni Songea ilikuwa ghala la nguvukazi. Vijana wake walisafirishwa kwenda kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge, na waliobaki nyumbani walilima mahindi na muhogo kwa jembe la mkono. Tumbaku ndiyo iliyokuwa njia kuu ya kupata fedha. Chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo kilikuwa kikiuza mazao ya wakulima tangu miaka ya 1930, lakini hicho kilikuwa ushirika wa kuuza tu. Kulima, kuhifadhi chakula na kununua vifaa kila kaya ilijifanyia yenyewe.

Mwaka 1960 kikundi cha vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, kiliingia porini Litowa kufyeka msitu na kuanzisha kijiji. Jaribio la kwanza lilikwama kwa sababu ya chakula. Anayefyeka shamba jipya hana cha kula mpaka mavuno ya kwanza, na akiba waliyokwenda nayo haikutosha. Waliporudi walikuwa wamelijua hilo, na tangu hapo suala la chakula lilitangulia mengine yote katika mipango ya Litowa. Vikundi vingi vya vijana vilivyoanzishwa sehemu nyingine za nchi katika miaka hiyo viliishi kwa mgao wa serikali, na mgao ulipokwisha vijana walitawanyika. Litowa walikaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walijiunga nao Ralph Ibbott, Mwingereza aliyekuwa mkadiriaji wa gharama za majengo, pamoja na mkewe Noreen na watoto wao. Ibbott alikuwa ametoka St Faith's, shamba la ushirika lililowaunganisha Waafrika na Wazungu huko Rhodesia ya Kusini. Alikuwa mshauri tu. Wapinzani wa RDA walikuja kulikuza sana jambo la kuwapo kwake, na baadhi ya waandishi wa Ulaya nao wamelikuza kwa namna yao, kana kwamba bila yeye pasingekuwa na kitu. Waliofyeka msitu, waliovumilia njaa ya mwaka wa kwanza na waliokwenda kuwashawishi majirani zao walikuwa wakulima wa Songea.

Namna vijiji vilivyojiendesha

Kila kijiji kilikuwa na mkutano wa wanakijiji wote, na hapo ndipo yalipoamuliwa mambo makubwa: ukubwa wa shamba la pamoja, nani afanye kazi gani, mavuno kiasi gani yawekwe akiba na fedha zitumikeje. Hapakuwa na vibarua. Kumwajiri mtu akulimie shamba lako kulihesabiwa kuwa unyonyaji, hata kama mwajiri alikuwa mkulima maskini vilevile. Ardhi haikuuzwa wala kukodishwa. Sehemu kubwa ya mapato ya fedha haikugawanywa mikononi mwa watu. Ilirudishwa katika vitu vya wote, kama mabomba ya maji, vifaa, shule na mahali pa kulelea watoto wadogo wazazi wakiwa shambani.

Watu wa Litowa hawakuanza na nadharia ya uchumi. Walianza na maswali ya mkulima yeyote, kwamba jasho lake linaishia kwa nani, na kwa nini anauza mahindi kwa bei ya chini kisha ananunua unga kwa bei ya juu. Jibu lao kwa swali hilo la pili lilikuwa kumiliki mashine ya kusaga. RDA ilipata kinu cha nafaka mjini Songea na kiwanda cha kupasua mbao, na vyote viwili vilikuwa mali ya vijiji kwa pamoja. Faida iliyokuwa ikibaki kwa wafanyabiashara wa mjini ikaanza kurudi kwa waliolima. Kilimo cha pamoja peke yake kisingevitoa vijiji katika umaskini. Kumiliki hatua zinazofuata mavuno, yaani kusaga, kusafirisha na kuuza, ndiko kulikoipa RDA uwezo, na ndiko pia kulikoipatia maadui.

Upanuzi ulikwenda polepole, na kwa makusudi. Kijiji kilichotaka kujiunga kilipaswa kwanza kuonyesha kwamba watu wake wameanza wenyewe. RDA ilikuwa na kikosi cha wanavijiji wenye uzoefu kilichojulikana kama SERA, ambao walikwenda kukaa katika vijiji vichanga. Walilima na wenyeji wao na kushiriki mijadala yao. Mkulima alifundishwa na mkulima mwenzake ambaye yaliyomsumbua yeye mwaka huu yalimsumbua mwenzake miaka mitatu iliyopita. Mabwana shamba wa serikali, hata waliokuwa hodari, hawakuwa na elimu ya namna hiyo.

Shule ya Litowa

Shule ya msingi ya Litowa, chini ya mwalimu mkuu Suleman Toroka, ilipokea watoto kutoka vijiji mbalimbali vya RDA. Wanafunzi walilima sehemu kubwa ya chakula chao na kushiriki kuendesha mambo ya shule. Toroka aliandika makala kuhusu jaribio hilo mwaka 1968, na imebaki miongoni mwa maandishi machache ya wakati ule yaliyotoka kwa mtu aliyeishi ndani ya RDA.

Shule nyingi za wakati huo zilimwandaa mtoto kuondoka kijijini. Mmoja alifaulu, wengine wote wakahesabiwa kuwa wameshindwa. Litowa walikusudia mtoto asome ili kijiji kipate fundi, mtunza hesabu, mkunga na mwalimu wake. Rais Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, mengi aliyoyapendekeza yalikuwa tayari yakifanyika pale.

Kutoka mfano wa taifa hadi marufuku

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru serikali ilikuwa ikijaribu njia nyingine. Kwa ushauri wa Benki ya Dunia ilipanga vijiji vya makazi mapya vyenye matrekta na nyumba za kisasa, kila kimoja kikikadiriwa kugharimu pauni 150,000. Mwaka 1966 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba mpango huo unasimamishwa, kwa kuwa gharama zilikuwa kubwa na wakulima walikuwa wakingoja kila kitu kutoka juu. Litowa ilikuwa imefika mbali zaidi kwa fedha kidogo. Nyerere alikuwa amekwisha kuifahamu na kuipenda. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, lililoufanya ujamaa kuwa sera ya chama, waraka wake wa Ujamaa Vijijini wa Septemba mwaka huohuo ulieleza kijiji ambacho yeyote aliyefika Ruvuma angekitambua, na ulisisitiza kwamba watu wasilazimishwe kuingia.

Sifa hiyo haikuwapa ulinzi. Viongozi wa chama na serikali mkoani walijikuta mbele ya wakulima waliozoea kuuliza maswali na kukataa maagizo yasiyowafaa. Mzozo mmoja ulihusu tumbaku. Mkoa ulitaka ilimwe kwa wingi. Ndani ya RDA wengi waliona kwamba tumbaku inakula muda wa chakula na inamrudisha kila mtu kwenye kipande chake. Ruvuma pia inapakana na Msumbiji, ambako vita vya wapigania uhuru wa FRELIMO dhidi ya Wareno vilikuwa vimeanza 1964, na katika mazingira hayo umoja wa vijiji wenye washauri wa kigeni ulitiliwa shaka kwa urahisi. Juu ya yote hayo kulikuwa na swali la mamlaka. Ikiwa ujamaa ni sera ya chama, je, wakulima wanaweza kuujenga nje ya uongozi wa chama?

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilijibu kwamba hapana. RDA ilipigwa marufuku. Mawaziri walikwenda Songea kutangaza uamuzi, mali za umoja zikachukuliwa, kinu na kiwanda cha mbao vikiwamo, walimu wa Litowa wakahamishwa na wageni wakaondoka. Nyerere, aliyekuwa mlezi wa jaribio hilo, hakulizuia tendo hilo. Kwa heshima yote anayostahili, hilo ni doa ambalo wasifu wake haupaswi kulipita haraka.

Yaliyofuata

Serikali ilichukua umbo la Litowa na kuliacha lile lililoifanya iishi. Katika Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 watu zaidi ya milioni 5 walihamishiwa vijijini, wengi kwa nguvu, na baadhi wakaona nyumba zao zikichomwa moto ili wasirudi. Kazi ya pamoja iligeuka kuwa saa za lazima shambani, na mahali pengi pakaundwa mashamba ya bega kwa bega ambapo kila mtu alipewa kipande chake. Mwaka 1976 serikali ilivunja pia vyama vikuu vya ushirika vya mikoa. Wanaosema kwamba historia ya Tanzania imethibitisha kuwa kilimo cha pamoja hakiwezekani hutoa ushahidi wao katika miaka hiyo, na mara chache hutaja RDA.

Hoja za wakosoaji makini zina uzito zaidi. RDA ilikuwa ndogo, ilipata misaada ya nje, na haikuishi muda wa kutosha kujulikana ingevukaje kizazi cha waanzilishi. Hoja hiyo ya mwisho ina jibu la sehemu katika Matetereka, kijiji kimojawapo cha RDA, ambacho watu wake waliendelea kufanya kazi kwa pamoja baada ya marufuku. Mtafiti David Edwards alipoandika kukihusu mwaka 1998 alikiita kijiji cha mwisho cha ujamaa nchini Tanzania.

Kwa muda mrefu habari za RDA zilibaki katika maandishi ya wanauchumi, hasa Andrew Coulson. Kitabu cha Ibbott mwenyewe kilichapishwa London mwaka 2014, kwa Kiingereza. Wakati huohuo, kupanga kutoka chini kumerudi kwa njia nyingine. MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima wadogo ulioanzia Morogoro mwaka 1993, hutetea haki ya ardhi na masoko yanayoendeshwa na wakulima wenyewe, na ni mwanachama wa harakati ya kimataifa ya La Via Campesina. Mtandao huo haukutokana na RDA, lakini swali lililowasumbua vijana wa Litowa, yaani ni nani anayebaki na faida baada ya mavuno, bado linajadiliwa katika mikutano yake.