Benidorm: Meya aliyepanda Vespa kwenda kuitetea bikini

Mwaka 2026 unatimia miaka 70 tangu Benidorm, mji wa pwani ya mashariki ya Hispania, upitishe mpango mkuu wa ujenzi uliozaa maghorofa yake. Kumbukumbu hiyo inaangukia wakati mbaya. Kuanzia visiwa vya Canary hadi Barcelona, Wahispania wamekuwa wakiandamana kulalamikia utalii unaopandisha kodi za nyumba. Na kila anayetaka mfano wa pwani iliyoharibiwa na watalii hunyoosha kidole Benidorm. Ukiifuatilia historia ya mji huu, utaona kuwa umeonewa.

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, Benidorm ilikuwa na watu wapatao 3,000 tu. Wanaume wake walisifika kwa almadraba, yaani mitego mikubwa ya nyavu ya kunasia jodari, na manahodha wao walitafutwa kuisimamia mpaka pwani za mbali. Samaki wakaadimika. Mwaka 1952 mtego wa hapo Benidorm ulifungwa, na vijana wengi wakatawanyika kwenye meli za biashara.

Wakati huo meya alikuwa Pedro Zaragoza Orts, mzaliwa wa hapohapo, aliyeteuliwa mwaka 1950 akiwa na miaka 28. Alikuwa na fukwe mbili za mchanga laini, Levante na Poniente, jua la karibu mwaka mzima, na hazina tupu. Akaamua kuliuza jua.

Shida ilianzia kwenye nguo. Wageni kutoka kaskazini ya Ulaya walikuja na bikini, na Hispania ya Jenerali Franco, iliyoshikwa barabara na Kanisa Katoliki, haikutaka kuiona. Askari wa Guardia Civil walizunguka ufukweni wakiwaamuru wanawake wajifunike. Zaragoza akatoa amri ya manispaa kwamba bikini ni ruhusa, na anayemsumbua aliyeivaa ndiye atakayetozwa faini. Moto ukawaka. Askofu Mkuu wa Valencia akatishia kumtenga na Kanisa, na katika Hispania ya siku zile adhabu hiyo ingemmaliza mtu kisiasa na kijamii.

Yaliyofuata tunayajua zaidi kwa kinywa cha Zaragoza mwenyewe, aliyeyasimulia mpaka uzeeni. Mwandishi wa habari Mwingereza Giles Tremlett alikutana naye na kuiweka habari hiyo katika kitabu chake Ghosts of Spain cha mwaka 2006. Meya alidamka alfajiri, akapanda pikipiki yake ya Vespa na kushika njia ya Madrid, mwendo wa saa kama tisa. Alifika kwa Franco nguo zina madoa ya mafuta ya injini. Mtawala huyo, ambaye watu walitetemeka kusimama mbele yake, alimsikiliza, akavutiwa na ujasiri wake, na kumwambia kuwa akipata tatizo tena aje kwake moja kwa moja. Muda si mrefu mke wa Franco, Carmen Polo, akaenda kupumzika Benidorm. Baada ya hapo habari ya kumtenga meya haikusikika tena.

Wapo wanaohisi mzee aliitia chumvi hadithi yake. Huenda. Lakini bikini zilibaki, na wageni waliongezeka.

Kwa maoni yangu, Vespa imeifunika kazi kubwa zaidi ya Zaragoza, ambayo ni mpango wa mwaka 1956. Ulichora barabara pana na mitaa iliyonyooka kabla hoteli hazijaota, jambo ambalo manispaa chache za Hispania zilikuwa zimelifikiria. Marekebisho ya mwaka 1963 yakaondoa kikomo cha urefu wa majengo. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kiwanja kina kiasi chake cha ujenzi, na ukijenga kwenda juu, chini panabaki nafasi ya bustani, bwawa la kuogelea na upepo wa bahari. Sehemu nyingine za pwani hiyo zilitandaza nyumba za likizo kilomita kwa kilomita mpaka vilima vikamezwa. Benidorm ilikusanya wageni wake mahali pamoja, wanapoweza kufika ufukweni kwa miguu.

Mengine yalikwenda haraka. Uwanja wa ndege wa Alicante ulifunguliwa mwaka 1967, na Waingereza wakamiminika. Mwaka 1968 mwimbaji kijana Julio Iglesias alishinda tamasha la nyimbo la Benidorm. Ukame wa mwaka 1978 uliulazimisha mji kuletewa maji kwa meli. Hoteli ya Bali, yenye urefu wa mita 186, ilifunguliwa mwaka 2002. Zaragoza alifariki mwaka 2008.

Mgeni wa leo aanzie kwenye mwamba wa Canfali, unaozitenga fukwe hizo mbili. Juu yake kuna uwanja mdogo wenye kuta nyeupe za nguzo fupifupi, mahali palipokuwa na ngome zamani. Nyuma yako ni kanisa la San Jaime na makuba yake ya vigae vya buluu, mbele kisiwa cha pembetatu kilichojitenga baharini, na kushoto msururu wa maghorofa ya Levante. Ukishuka utapita vichochoro vya mji wa kale vyenye baa za vitafunio, na hatua chache mbele unakuta mabango ya Kiingereza yanayotangaza mayai, soseji na maharage. Wahispania wa tabaka la juu huyacheka hayo. Wanasahau kwamba ni vibarua na wastaafu wa kawaida, wakiwemo Wahispania wenzao, waliopata bahari hapa kwa bei wanayoimudu.

Manispaa ya Benidorm ikitaka kuadhimisha miaka hii 70 ipasavyo, isiishie kusimulia bikini na Vespa. Iitundike ile ramani ya 1956 mahali ambapo kila mgeni ataiona. Na wanaogawa viwanja vya ufukweni kwingineko bila ramani yoyote waende wakaisome.