Pampu Sukumaji, Si Bomba la Mafuta

Orodha ya istilahi za ufundi wa magari iliyonifikia mwaka huu inataka kifaa kinachotoa petroli tangini na kuifikisha kwenye injini kiitwe "bomba la mafuta". Naandika kutoka Kaplong, kwenye njia panda ya Kericho, Kisii na Bomet, ambako gari la miaka ya 1990 bado linabeba majani chai, mahindi na wagonjwa, na mwenyewe hulitengeneza uani kwake. Istilahi hiyo ni mbovu. Waliojifungia chumbani wakaipitisha hawakumuuliza fundi hata mmoja.

Mwambie Mkenya "bomba la mafuta limeharibika" uone atakachofikiria. Atafikiria lile la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi 1978 na kufikishwa Eldoret na Kisumu mwaka 1994. Septemba 2011, petroli ilipovuja kutoka bomba hilo na moto kuua watu kijijini Sinai, Nairobi, taifa zima lilikuwa na maneno hayo mdomoni. Mtanzania naye ana la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, tangu 1968, na sasa upo mradi wa lile la Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443. Neno limekwisha kupata mwenyewe. Kulinyang'anya ili kulipachika kwenye kifaa kinachoenea kiganjani ni kumpoteza msomaji kwa makusudi.

Watetezi wa bomba hukimbilia asili ya neno, nami siwakatalii. Bomba ni Kireno. Lilifika pwani yetu na merikebu za wageni waliotia nanga Malindi mwaka 1498 na kuanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Mabaharia wetu walifua maji ya jahazi kwa upo; Wareno walikuwa na chombo cha kuyavuta kutoka chini ya merikebu, wakikiita bomba, jina ambalo katika lugha yao ni la bomu pia. Kwa hiyo ni kweli, hapo mwanzo bomba lilikuwa pampu, na maana hiyo haijafa: muuguzi ana bomba la sindano, na kuna wazee ambao hadi leo hulijaza gurudumu la baiskeli kwa bomba. Lakini neno lilihama kutoka kwenye chombo kwenda kwenye mrija wake. Dar es Salaam hunywewa maji ya bomba, huku sisi Kenya tukiyaita ya mfereji, na hakuna anayewaza mashine ya kuvutia. Karne kadhaa za wasemaji zimeamua. Pampu, lililokuja na Waingereza, likajaza nafasi iliyoachwa wazi, nalo pia lina asili ya mabaharia, wa kaskazini mwa Ulaya. Sioni kwa nini mgeni wa Lisbon aitwe mwananchi na mgeni wa London afukuzwe.

Kisha kuna hayo "mafuta". Orodha ile ile inaita oili ya injini "mafuta ya kulainishia", na pampu inayoizungusha ndani ya injini ikawa "bomba la mafuta" pia! Vifaa viwili, jina moja. Anayemtuma kijana dukani kwa jina hilo ataletewa kisichofaa na kupoteza nauli. Petroli ni petroli, oili ni oili. Gereji zote kutoka Litein hadi Sotik zinajua hivyo.

Napendekeza pampu ya petroli liwe jina la jumla, na chini yake mawili: pampu vutaji na pampu sukumaji. Sikuyatunga kwa kupenda mapambo. Pijo 504 ya karbureta na Datsun za zamani zina pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini, inayosukwasukwa na kemshafti. Utando wake huivuta petroli kutoka tangini, na nguvu yake haifiki hata nusu baa. Corolla ya miaka ya 1990 yenye injekta ina pampu ya umeme iliyozama ndani ya tangi, inayosukuma kwa baa 3 hivi. Kuvuta na kusukuma si mchezo wa maneno huku juu. Katika mita 2,000 hewa hukandamiza kwa nguvu pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko Mombasa. Petroli inayovutwa karibu na injini ya moto huchemka mapema, mvuke ukajaa mrijani, gari likazima katikati ya mlima. Inayosukumwa kutoka tangini haisumbuki hivyo. Jina lisilotofautisha hizo mbili linamficha mwanafunzi chanzo cha ugonjwa.

Pendekezo hili nililipeleka kwa maandishi. Nilijibiwa kwamba "pampu" ni neno la gereji. Ndiyo, ni la gereji, kwa sababu huko ndiko pampu hufunguliwa. Mpinzani mwingine, mtu wa vitabu, ametunga "kisukumamafuta". Namsihi aende Mwanza akaulize Kisukuma ni nini.

Kuhusu matumizi, maelezo ya kazi yasomeke hivi: chomoa fyuzi ya pampu sukumaji, washa injini hadi ijizimie ili msukumo uishe kwenye mirija, ondoa waya hasi wa betri, inua kiti cha nyuma, fungua kifuniko, toa pampu pamoja na chujio lake, weka mpya na mpira mpya wa kuzuia uvujaji, mbali na moto wowote na mahali penye hewa. Tangi lisiachwe karibu tupu kila siku, maana petroli ndiyo inayoipoza pampu sukumaji, na haya mazoea ya kuweka ya shilingi mia mbili mia mbili huimaliza upesi. Kwa sarufi, pampu ifuate upatanisho wa i- na zi-: pampu sukumaji imekufa, pampu vutaji zimechakaa. Ya dizeli iachwe iitwe pampu ya injekta, kama mafundi wanavyoiita.