HUYU JAMAA WA GOBORE: KILA MTU KWENYE HISTORIA ANA JINA, KASORO YEYE

Mmezoea hapa kwetu tunamwongelea mtu bila kumtaja, halafu nyie mnakesha kwenye komenti mnakisia. Leo pia mhusika hana jina, ila safari hii sio kwamba namficha. Hakuna aliyeliandika.

Lakini mnamjua vizuri tu. Kwenye taarifa ya habari kila mara anapita: "Mtu mmoja akamatwa na gobore." Unaona bunduki imelazwa mezani, mtutu mrefu, kitako cha mti kimefungwa waya. Unacheka, unasogeza kidole, unaenda kuangalia nani kaachana na nani. Leo usisogeze. Hiyo bunduki ina stori nzito, na sisi wa Ukerewe tumo ndani.

Tuanze na chombo chenyewe. Gobore halipakiwi nyuma kama bunduki za kisasa. Unamimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, unatia kitambaa au nyuzi za kuibana, unaweka risasi ya duara au vipande vya chuma, halafu unashindilia vyote kwa mdeki, yaani ule ufito mrefu unaokaa chini ya mtutu. Za zamani zaidi zilikuwa za gumegume: jiwe linagonga chuma, cheche inaruka, baruti inawaka. Baadaye ikaja fataki, kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa. Ukifyatua, moshi mweupe unakujaa usoni hata hujui umepiga au umekosa. Askari aliyefunzwa vizuri alipata kama risasi tatu kwa dakika moja. Mwindaji porini alipata moja tu. Akikosa, swala kashafika kijiji cha pili.

Kuna kitu kimoja hapa naomba mkishike, maana mbele tutakihitaji. Ndani ya mtutu. Gobore la kawaida mtutu wake ni laini kama bomba la maji. Risasi inatoka inayumba, na ukizidisha mita 100 hapo ni bahati yako. Raifo ni tofauti, ndani yake kuna mifereji inayozunguka. Risasi inatoka inajizungusha, inanyooka, inafika mbali. Hiyo mifereji ndiyo iliyokuja kuamua nani ni bwana na nani ni mtumwa.

Kwa hiyo mwindaji wetu wa gobore hakuwa mjinga hata kidogo. Ilibidi ajue upepo unatoka wapi ili mnyama asimnuse. Ilibidi anyate mpaka karibu kabisa. Ilibidi baruti yake isilowe, na mvua za ziwa letu mnazijua. Tena ilibidi apime baruti kwa uangalifu. Akipunguza, risasi inaanguka njiani. Akizidisha, mtutu unaweza kupasuka ukaondoka na vidole vyake. Kabla ya jicho kulenga, miguu ndiyo ilikuwa imeshafanya kazi.

Sasa hizi bunduki zilifikaje huku? Jibu ni meno ya tembo. Wafanyabiashara wa pwani waliweka kambi Unyanyembe, huko Tabora, na kutoka hapo wakapanda mpaka ziwani. Pembe zinashuka, nguo, shanga na bunduki zinapanda. Ukerewe ilikuwa kwenye hiyo biashara.

Cheki majina yaliyobaki. Mwaka 1875 alipita Henry Stanley akikagua ziwa, akapokewa na Mtemi Lukonge wa Ukerewe. Stanley huyohuyo, mwaka huohuo, alienda kisiwa cha Bumbire kulipiza kisasi. Watu wake walisimama kwenye mitumbwi mbali na ufukwe wakapiga risasi. Waliokuwa nchi kavu walikuwa na mikuki, mishale na kombeo. Mishale ikaangukia majini, risasi zikafika. Alikuwa na bunduki za kisasa zinazopakiwa nyuma. Mjue basi kwamba kwenye ziwa hilihili tofauti ya silaha na silaha ilishaonekana kwa damu.

Miaka miwili baadaye, Desemba 1877, wamisionari wawili wa Kiingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa hapa Ukerewe pamoja na mfanyabiashara Songoro, aliyekuwa kwenye ugomvi na Lukonge.

Stanley ana jina. Lukonge ana jina. Songoro, Smith, O'Neill, wote wana majina. Haya niambieni, yule aliyeingia porini akamfuata tembo siku tatu, zile pembe zikapatikana, anaitwa nani? Kimya.

Wakati huohuo huko Ulaya majeshi yalikuwa yanabadilisha silaha. Bunduki mpya za kupakia nyuma zikaingia, mabohari yakajaa magobore yasiyotakiwa. Unadhani yalienda wapi? Mwaka 1888 Waingereza walikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinapitia Zanzibar kwa mwaka kwenda bara. Yaani mitumba haijaanza na nguo, wadau.

Halafu ndo ikaja ile kitu nataka muikumbuke. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa yalisaini mkataba mjini Brussels. Lengo walilolitangaza lilikuwa kukomesha biashara ya utumwa, na kweli wakamata watumwa walitumia bunduki, hilo silipingi. Mkataba ukazuia kuingiza silaha kwenye eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta mpaka nyuzi 22 kusini. Sisi tuko katikati kabisa. Lakini ukaacha upenyo: bunduki za gumegume zenye mtutu usio na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuuzwa kwa masharti. Raifo je? Msafiri mwenye barua ya serikali yake aliruhusiwa kuwa nayo.

Mmeelewa kilichofanyika? Walikaa mezani wakachagua bunduki ya Mwafrika. Wakachagua ile ambayo jeshi lao halikuitaka tena. Kwa hiyo unapomcheka babu kwa kushika gobore wakati Mzungu kashika raifo, jua sio kwamba babu alikuwa mshamba wa teknolojia. Ilipangwa.

Baada ya miaka sita tu, mlango wa pili ukafungwa. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, akatoa amri ya uwindaji: vibali vya kulipia, na maeneo ya hifadhi ambayo kuwinda ni marufuku. Mtu aliyelala mwindaji akaamka jangili. Mnyama ni yuleyule, pori ni lilelile, jina ndilo limebadilika. Na hilo jina jipya ndilo pekee alilowahi kuandikiwa kwenye makaratasi.

Ilipofika 1905, vita ya Maji Maji ikalipuka kusini. Watu wakaenda na mikuki na magobore mbele ya bunduki za rasharasha. Mwisho wake mnaujua kutoka darasani.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya, maana najua kuna wajuaji humu. Sisemi watu warudi porini. Tembo Ukerewe leo humkuti. Biashara ya pembe ilikula wanyama kweli, na wahifadhi hawajazua. Hapo jirani Rubondo, nzohe bado wapo kwa sababu kisiwa kinalindwa, ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Na sheria iko wazi: ya wanyamapori ya 2009 inataka kibali, ya silaha ya 2015 inataka leseni. Mara kadhaa serikali imetangaza msamaha kwa anayesalimisha silaha kwa hiari. Ukiona gobore kwa babu, msalimishe nalo, usilipigie selfie.

Ninachouliza ni kitu kingine. Marekani leo majimbo mengi yana msimu maalumu wa kuwinda kulungu kwa bunduki za kupakia mdomoni. Mtu anaingia dukani anachagua: gumegume, fataki, au zile za kisasa zilizoshika kasi baada ya 1985, ambazo zina mifereji na hata darubini ya kulengea. Pennsylvania wana msimu baada ya Krismasi ambao ni gumegume tu ruksa. Analipia kibali, anaambiwa mwisho wanyama wangapi, anarudi na picha. Watu wanasema anaenzi mababu zake.

Aina ileile ya bunduki. Kule ni urithi, huku ni picha ya kituo cha polisi. Tofauti sio bunduki. Tofauti ni nani aliandika sheria, na nani aliandika historia. Sheria tunaweza kuifuata bila shida. Historia je, nayo tuwaachie tu wengine waandike?

Ndo maana leo nataka komenti za tofauti. Sitaki jina la mtu mwenye gobore sasa hivi, msije mkanipeleka mahakamani. Nataka majina ya waliokwisha tangulia. Kwenye ukoo wenu, mwindaji wa zamani aliitwa nani? Alikuwa anawinda nini, na nyama aligawa vipi? Kama hujui, mpigie bibi leo jioni kabla vocha haijaisha. Halafu njoo uandike jina hapa chini, kamili.