Hati na Msomaji Wake: Kutoka Taipureta hadi Faili

Mwaka 1965 André Yav alikusanya historia ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ikapigwa taipu kwa Kiswahili cha mji. Tahajia yake haikufuata usanifu. Johannes Fabian alipoitayarisha kwa toleo la 1990, ilibidi Kalundi Mango aisome kwanza kwa sauti. Sikio likaokoa maandishi.

Faili ya kompyuta haisomeki hivyo: programu isiyoujua muundo wake huivuruga au hushindwa kuifungua. Mwaka 2006 muundo wa ODF ulikubaliwa na ISO. Mwaka 2008 ukafuata OOXML, uliotokana na Microsoft. Viwango viwili kwa kazi moja, na hati huharibika zihamishwapo. Lakini kanuni za miundo yote miwili zimechapishwa. Atakayerithi hati hizo ataweza kuunda chombo cha kuzisoma.