Nani Hurithi Ahadi za Mkoloni? Somo Moja la Sheria ya Kimataifa

Kwa kawaida, mwanafunzi anayetaka shahada ya uzamili katika sheria ya kimataifa sharti awe kwanza na shahada ya sheria. Akishapokewa, husoma masomo ya lazima na mengine ya kuchagua, kisha huandika tasnifu. Mada mojawapo asiyoweza kuikwepa ni sheria ya mikataba: mkataba humfunga nani, na hukoma lini? Ndani ya mada hiyo mna swali ambalo nchi zetu jirani zililijibu mapema: je, taifa jipya hurithi ahadi zilizotolewa na mkoloni?

Oktoba 1961 kilifunguliwa chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 14. Kitivo hicho kilikusudiwa kuwafunza wanasheria wa Tanganyika, Kenya na Uganda. Wakati huohuo, swali letu lilikuwa mezani mwa Waziri Mkuu, Julius Nyerere. Uingereza ilikuwa imetia saini mikataba mingi kwa niaba ya Tanganyika, na uhuru ulikuwa ukikaribia.

Mkataba mmojawapo ulikuwa wa 1921. Kwa mkataba huo Ubelgiji ilipewa maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi. Kodi yake ilikuwa faranga moja kwa mwaka, daima dumu. Mwingine ni makubaliano ya 1929 baina ya Uingereza na Misri. Hayo yalizuia kazi za umwagiliaji au umeme katika Mto Nile na maziwa yake, kwenye nchi zilizotawaliwa na Waingereza, endapo zingepunguza maji ya Misri bila ridhaa yake. Watu waishio kando ya Ziwa Viktoria hawakuulizwa.

Nyerere hakuikubali mikataba yote kwa jumla, wala hakuikataa yote siku moja. Alitangaza kuwa Tanganyika ingeendelea kuitekeleza mikataba ya nchi mbili kwa miaka miwili tangu uhuru wa 9 Desemba 1961. Katika muda huo kila mkataba ungejadiliwa upya. Usiofikiwa mwafaka ungehesabiwa kuwa umekoma, isipokuwa kama sheria ya kimataifa yenyewe iliulazimisha kudumu. Mwaka 1962 Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya 1929 hayaifungi. Uganda na Kenya nazo zilifuata njia hiyo zilipopata uhuru.

Hapa mwanafunzi makini atauliza: kama mikataba ya mkoloni ilikataliwa, mbona mipaka aliyoichora ilibaki? Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliazimia kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Nyerere aliitetea hoja hiyo. Somalia na Moroko ziliipinga. Sababu yake ni nzito: ahadi ya bandari au maji yaweza kujadiliwa upya mezani, lakini kuufungua kila mpaka kungeleta vita kati ya majirani.

Mwaka 1978 Mkataba wa Vienna kuhusu urithi wa mikataba uliandika mambo hayo mawili kwa pamoja: taifa jipya halilazimiki kuendeleza mikataba ya mtawala wake, lakini mipaka haiguswi.

Hata hivyo, suala la Nile halikuisha. Mei 2010, mjini Entebbe, Ethiopia, Rwanda, Tanzania na Uganda zilitia saini mkataba mpya wa bonde hilo, na Kenya ikafuata siku chache baadaye. Misri na Sudan hazikutia saini. Mwanafunzi wa uzamili anapotakiwa kuisoma sheria ya mikataba, basi, anasoma pia haki ya mkulima wa Mwanza au Kisumu kuyatumia maji ayaonayo kila asubuhi.

Swali la kujadili: Je, ni haki taifa kukataa ahadi za mtawala wake wa zamani huku likiilinda mipaka aliyoichora? Toa hoja mbili.