Kipande Kilichohama

Nilipokuwa nikifundisha elimuviumbe katika Chuo cha Ualimu Kinampanda, somo la kromosomu nililianza kwa habari ya jirani zetu, maana vitabu vilituchosha na njegere za Mendel.

Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt aliona, katika hospitali ya Mulago, Kampala, mtoto aliyevimba taya kushoto na kulia. Mwaka 1958 alichapisha habari za uvimbe huo, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari hadi Afrika Kusini, akipita Tanganyika, akiuliza hospitali kwa hospitali wapi unaonekana.

Siri ya ndani ya seli ilifichuliwa mbali. Vipande vya uvimbe vilipelekwa Ulaya kwa ndege. Mwaka 1972 Manolov na Manolova waliona utepe wa ziada katika kromosomu namba 14. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake, huko Stockholm, wakaonyesha kuwa kipande hicho kilikatika kutoka namba 8.

Mwanachuo mmoja aliniuliza: “Mwalimu, mtoto mwenyewe alirudishiwa majibu?”

Swali lilinizidi. Nilimweleza kuwa wapo waliopona Kampala kwa dawa, kabla mtu yeyote hajazitazama kromosomu zao. Ila uvimbe huu huongezeka maradufu kwa siku chache. Basi, niliwaambia, mkipangiwa shule za Iramba au Manyoni mkaona shavu limevimba na meno yamelegea, msiseme ni jino bovu. Mtoto afike hospitali wiki hiyo hiyo.